Kutunza Injini Kuukuu ya Lori: Maneno kwa Dereva na Fundi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, madereva, matanboi na mafundi wa Kibera na Kawangware. Tumeipiga chapa kwa ombi la wale waliosimama nje ya mlango wasisikie vizuri.)



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa injini kuukuu ya dizeli. Nilipopewa kazi hii nilidhani nitasema habari za spana tu, maana ndizo ninazozijua. Lakini Katibu akanikumbusha habari ya ndugu yetu yule dereva wa lori la kokoto, ambayo wengi wenu mliisikia nusu nusu vibandani, akasema kwamba nikieleza injini nieleze na hiyo. Basi nitaieleza, ingawa mimi mwenyewe sitoki humo nikiwa safi.

Lori lenyewe mnaijua namna yake. Ni Isuzu ya zamani yenye injini ya 6BD1, silinda 6, lita 5.8 kasoro kidogo, isiyo na turbo ya kusukuma hewa. Malori ya jinsi hii ndiyo yanayoegeshwa asubuhi kando ya Naivasha Road kungoja mtu wa mchanga au mawe ya Ndarugo, na mengine yamewekewa matangi, yanachukua maji mpaka Kibera. Mengi yao yana umri mkubwa kuliko tanboi anayeyapanda. Mwenye gari alilileta kwangu Kawangware akilalamika kwamba halina nguvu, likipanda kwenda Limuru linatambaa kwa gia ya pili. Akaniambia, "Fundi, fungua pampu kidogo." Nikaikata risasi ya muhuri, nikaigeuza skrubu ya mafuta robo ya mzunguko na zaidi, nikafunga, nikalipwa. Lori likatoka na moshi mweusi likinguruma vizuri, na mwenyewe akafurahi. Dereva hakuwapo siku hiyo, wala hakuambiwa neno na mtu yeyote.

Wiki tatu baadaye, katika mpando ule ule wa Limuru, akiwa na shehena ya kokoto, injini ikapoteza nguvu, ikapiga kelele ya chuma kwa chuma, ikazima. Tulipoifungua tukakuta pistoni ya namba 5 imeyeyuka kichwani na hedi imepinda. Mwenye gari akasema dereva ameendesha bila maji, kwa hiyo atailipa injini kutoka katika mshahara wake, tena kazi imekwisha.

Nitarudi kwa dereva huyu. Kwanza tuone ni kitu gani kilichoiua injini ile.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja katika 17 ya ujazo wake wa kwanza, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la kupita digrii 500. Hapo ndipo nozeli inaporusha dizeli kama ukungu, nayo ikashika moto yenyewe. Kwa hiyo kila tone la dizeli linadai hewa yake ya kuliunguza, na hewa isipotosha, dizeli haiungui yote.

Sasa fikirini mahali tunapokaa. Kibera na Kawangware ziko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,200, upungufu hufika sehemu moja katika tano. Injini isiyo na turbo hupumua hewa iliyopo na hakuna nyingine. Basi lori kuukuu likipungua nguvu kuelekea Limuru, sehemu kubwa ya hayo si ugonjwa bali ni urefu wa nchi. Ukigeuza skrubu ya pampu unaongeza dizeli bila kuongeza hewa. Utapata nguvu kidogo, hilo sikatai, na ndiyo maana wenye magari wanalipenda. Lakini dizeli nyingine yote inatoka moshi mweusi, na joto linalobaki ndani linaingia katika pistoni, valvu na hedi. Pistoni ni ya aluminiamu. Aluminiamu tupu huyeyuka kwa digrii 660, na ile iliyochanganywa na madini mengine huanza kulegea chini ya hapo. Dereva akikanyaga mafuta dakika 20 mfululizo katika mpando, na shehena imezidi, joto hilo halina pa kwenda.

Nawaambieni na aibu yangu. Injini ilipokufa nilifungua filta ya hewa ya lori lile, nikaigonga chini, likatoka vumbi la kutosha kupanda mche. Kumbe ugonjwa wote ulikuwa hapo. Kama ningeanza na filta siku ile ya kwanza, nisingeigusa pampu, na leo mngekuwa mkimsikiliza mtu mwingine.

Kwa hiyo mtu akikwambia lori halina nguvu, fundi, usikimbilie pampu. Tazama filta ya hewa. Angalia kama waya wa mafuta unafika mwisho dereva akikanyaga, maana waya uliolegea hula nguvu na hugharimu shilingi chache. Inua magurudumu uyazungushe kwa mkono, uone kama breki zinashika. Jaribu klachi kama inateleza. Pima tapeti. Kisha peleka nozeli kwa mtu mwenye mashini ya kuzipima, aone zinarusha ukungu au zinadondosha matone. Na uulize mzigo ni tani ngapi, ingawa jibu la swali hilo mara nyingi ni uongo. Pampu ni ya mwisho, na mahali pake ni kwenye benchi la kupimia, si kando ya barabara na bisibisi.

Dereva naye ajifunze kuusoma moshi, kwa sababu yeye ndiye anayeuona kila siku. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Wa buluu ni oili inayoungua: ringi zimelika, au njia za valvu zimepanuka. Mweupe asubuhi wakati injini ni baridi, ukatoweka baada ya dakika chache, usikutishe. Mweupe usiotoweka na unaochoma macho ni dizeli isiyowaka, yaani nozeli inadondosha au pampu imepotea wakati wake. Ukiwa mweupe kama mvuke wa sufuria, na maji ya rejeta yanapungua, basi gasketi ya hedi imekatika. Hapo chomoa kijiti cha oili utazame. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena injini hiyo hata kwa kuisogeza gari uani.

Nimetaja maji. Hapa nitakaa kidogo, maana mwenye gari alidai dereva hakuweka maji, na neno hilo nimelisikia mara nyingi mno katika miaka yangu ya kazi.

Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Hapa kwetu huchemka kwa 94 au 95, kwa sababu ya hewa ile ile nyepesi. Tofauti hii ni ndogo kwa mama anayepika maharagwe, ingawa yeye anaijua kwa makaa anayomaliza. Kwa injini ni tofauti kubwa, maana injini yenye afya hufanya kazi kwa digrii 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Ni kifuniko cha rejeta kinachotuokoa. Kifuniko kizuri, kile kilichopigwa namba 0.9, hubana maji yasichemke mpaka yapite digrii 110. Sasa nendeni nje mkatazame malori yetu. Utakuta kifuniko cha gari lingine, mpira umeoza, au kimefungwa kwa kitambaa na mpira wa tairi la baiskeli. Gari la namna hiyo linachemsha maji kwa digrii 94 katika kila mpando, yanaruka kama mvuke, na jioni dereva anaambiwa hakujaza. Alijaza. Maji yalikwenda juu. Kifuniko kipya pale Kirinyaga Road, tunakoita bado Grogan, ni bei ndogo sana ukilinganisha na hedi.

Tena kuna desturi ya kuitoa themostati na kuitupa. Mafundi wenzangu, nani hakufanya hivyo? Nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Alikosea. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba ile njia fupi ya maji. Ukiitoa, njia fupi hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita katika rejeta kupozwa. Tena asubuhi injini hukaa baridi muda mrefu, dizeli isiyowaka inaosha oili kutoka kwenye kuta za silinda, na ringi zinakwisha. Ukiishuku themostati, ifunge kwa uzi uitumbukize katika sufuria ya maji juu ya jiko. Namba imepigwa juu yake, mara nyingi 82. Ikianza kufunguka karibu na hapo, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine.

Injini ikishika moto barabarani, ondoa gari njiani, punguza mwendo wa injini lakini usiizime mara moja kama bado ina maji na mkanda wa feni haujakatika. Ngoja. Usifungue kifuniko kwa kitambaa kwa haraka. Wako watu katika chumba hiki wenye makovu shingoni, sitawataja. Wala usimimine maji baridi juu ya chuma kilichowaka, maana hedi itapasuka, na huo mpasuko ndio utakaoandikwa kwa jina lako.

Na maji yenyewe yawe safi. Madereva wanachota mtaroni kwa sababu Kibera maji yananunuliwa kwa mtungi, na hakuna tajiri aliyempa dereva pesa za mtungi. Matope yale hukaa chini ya bloku, nyuma ya silinda za mwisho, yakaganda kama saruji. Kamati ingefanya vizuri kulitia jambo hili katika mazungumzo na wenye magari: mtungi wa maji safi na dawa ya rejeta ni vyombo vya gari kama jeki, na hununuliwa na mwenye gari.

Sasa dizeli. Pampu ya dizeli haina oili ya kulainisha vile vijiti vyake vya kusukumia. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha. Nafasi kati ya kijiti na nyumba yake ni elfu mbili au tatu tu za milimita. Mkitia mafuta ya taa humo, ambayo ni mepesi na makavu, chuma kinasuguana na chuma. Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ulienea nchini hata Serikali, mwezi wa Septemba 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida. Sikilizeni jinsi mambo yalivyo: aliyekuwa akiharibu pampu zetu ni mfanya biashara, na aliyelipa shilingi 18 ni mama wa Lindi au Gatwekera mwenye jiko la mafuta ya taa. Haya si ya injini, lakini sikuweza kuyapita.

Dereva hawezi kuipima dizeli katika maabara. Anaweza kununua mahali pamoja panapojulikana, akadai risiti, akaihifadhi. Dizeli ya bei rahisi kutoka mtungi wa kando ya njia, hata kama mwenye gari ndiye aliyekutuma, iandike katika daftari pamoja na siku. Anaweza pia kumwaga maji chini ya tangi na chini ya filta kila asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia chini. Na tangi likijazwa jioni, hakuna nafasi kubwa ya hewa ya kutoa umande usiku.

Upepo ukiingia katika mabomba, kwa sababu tangi limekauka au filta imebadilishwa, kazi yake ni hii. Legeza skrubu ya upepo juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa. Isipowaka, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, mtu mwingine azungushe stata, dizeli ikitoka kaza moja moja. Stata izungushwe sekunde 10 au 15 tu, ipumzishwe, irudiwe. Nimeona stata nyingi na betri nyingi zimeungua kwa upepo ambao ungetoka kwa dakika tano za mkono.

Kumjua mgonjwa katika silinda 6 ni kazi rahisi ambayo dereva angeweza kuifanya, na natamani kila mmoja aijue. Injini ikiwaka polepole, legeza nati ya bomba la nozeli moja kwa spana. Mlio ukibadilika na injini ikatetemeka, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Ile ambayo mlio haubadiliki ndiyo yenye ugonjwa. Lakini funika kwa kitambaa kizito na uweke uso mbali. Na nozeli iliyotolewa nje, usiielekeze kwa mkono wako wala wa mwenzako wakati stata inazungushwa. Dizeli hutoka pale kwa nguvu inayozidi mara elfu ile ya pumzi yako, na hupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo kama alichoumwa mbu, hakiumi sana siku ya kwanza, na baadaye mkono unakatwa. Aliyepigwa hivyo aende hospitali saa ile ile, na amwambie daktari kwa kinywa chake kwamba ni dizeli iliyoingia ndani.

Juu ya oili sina mengi. Badilisha pamoja na filta yake. Kitabu kitakupa kilomita, lakini kwa injini iliyochoka mimi hufuata 5,000, na kwa lori la mchanga linalokaa likiunguruma foleni nzima, pungufu ya hapo. Taa ya presha ikiwaka, zima. Hiyo haina mjadala wala kufika stesheni ya mbele.

Tapeti za 6BD1, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.40 za kuingiza na za kutolea sawa. Silinda zinawaka kwa mpango wa 1-5-3-6-2-4. Huna haja ya vitabu vingi: zungusha krenki mpaka valvu mbili za namba 6 ziwe zinapokezana, moja ikifunga na nyingine ikifungua, hapo rekebisha namba 1. Za 2 zikipokezana, rekebisha 5. Za 4 zikipokezana, rekebisha 3. Na kinyume chake. Kazi ya saa moja na nusu, na wengi hawaifanyi mpaka valvu iungue.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema ya chuma. Mwili wa binadamu hauna spea pale Grogan, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Wanaofanya kazi chini ya kitanda cha lori la kumwaga mchanga, mkiona kimeinuliwa kwa pampu ya oili tu, bila nguzo ya chuma, msiingie. Bomba moja likipasuka kitanda kinashuka kabla hujageuza kichwa. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Weka magogo makavu. Mawe ya kujengea hupasuka, msiyatumie.

Moshi nao tuliuzoea tangu utoto, tukidhani ni uchafu tu. Mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, wenye ofisi yao Lyon, Ufaransa, walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu, nao wakauweka katika kundi moja na tumbaku. Kwa hiyo kuiacha injini ikinguruma ndani ya banda la mabati, mtoto wa kazi ameinama nyuma ya bomba, ni jambo la kukomesha kesho asubuhi. Litoe gari nje, au funga bomba refu la kutolea moshi. Oili chafu nayo ina sumu ya namna hiyo. Msinawie dizeli, sabuni na vumbi la mbao huondoa. Wala msimwage oili mtaroni. Mtaro wa Kibera huingia mto wa Motoine, na mto huingia Nairobi Dam, lililojengwa mwaka 1953, ambalo wazee wetu walilijua likiwa na mashua. Wako watu wanaoinunua oili hiyo kupaka nguzo za mbao zisiliwe na mchwa. Mwekeeni mtungi.

Sasa narudi kwa ndugu yetu dereva.

Alipoambiwa atalipa injini, alitaka kukubali. Alikuwa na watoto shuleni, na alifikiri kwamba akikubali atabakishwa kazini. Katibu akamwambia asitie sahihi kitu chochote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa makusudi. Injini iliyochoka ikafa njiani si makusudi ya mtu. Na hata makato ya haki, yote pamoja, hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 41 kinasema mtu haachishwi kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama wa kazini aliyemchagua mwenyewe. Aliyefukuzwa bila haki ana miezi mitatu ya kupeleka shauri lake kwa Afisa wa Kazi. Haya yote ni mema, lakini katika kikao mwenye gari aliuliza swali moja: "Una ushahidi gani kwamba uliweka maji?"

Dereva alikuwa na daftari la shule, la kurasa 48. Sijui nani alimfundisha. Humo aliandika kila siku kwa penseli: maji lita ngapi, oili imepungua kiasi gani, dizeli imenunuliwa wapi, shehena gani. Tarehe fulani ameandika, "Gari limetoka kwa fundi, moshi mweusi sana, nimemwambia bosi, amesema endelea." Siku nne baadaye, "Maji lita tano zaidi. Kifuniko kibovu, nimemwambia bosi." Akaeleza hivyo mara tatu katika wiki tatu.

Mjumbe wetu akaniita. Ningeweza kusema sikumbuki. Mwenye gari yule alikuwa mteja wangu, ana malori manne, na mnajua jua kali halina mshahara wa mwisho wa mwezi. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikwenda nikasema kwamba skrubu niliigeuza mimi kwa kuombwa na mwenye gari, na nikaiweka mezani ile pistoni, maana nilikuwa nimeihifadhi. Pistoni iliyokosa maji hujikwaruza pembeni, kwa kuvimba ikabanana na silinda. Hii haikuwa na mkwaruzo mkubwa pembeni; ilikuwa imetoboka kichwani kwa moto wa dizeli. Mtu yeyote aliyefungua injini kumi anaweza kuisoma.

Makato yakaondolewa. Dereva akalipwa siku zake alizokaa nyumbani. Hakurudi kwenye lori lile, sasa anaendesha la mtu mwingine, na leo yuko hapa lakini amenikataza kumwonyesha. Mimi nilifunga injini mpya ya mtumba bila kulipwa kazi ya mikono, na malori manne yale siyaoni tena Kawangware.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 hapa Nairobi, chama kilichoongozwa na Fred Kubai kiliwaweka madereva na mafundi pamoja. Wazee wale waliona kwamba fundi na dereva wakigombana, mwenye gari humlipisha yule aliye dhaifu zaidi siku hiyo. Mimi nilichelewa kuliona. Tangu siku ile, lori likiingia kwangu bila dereva wake, sianzi kazi mpaka nimempigia simu. Kazi nikiimaliza naandika karatasi mbili, moja ya mwenye gari na moja ya dereva: nimefungua nini, nimebadilisha nini, nimekataa kufanya nini. Nikiombwa kufungua pampu nakataa, na hilo pia naliandika.

Kamati imenunua madaftari, yako kwa Katibu pale mlangoni, kila dereva achukue moja. Msingoje penseli nzuri. Ukurasa wa kwanza andika namba ya injini, kilomita za leo, na hali ya kifuniko cha rejeta.

Kuna lori la mwanachama hapo nje, limepoa tangu jana usiku. Tulikubaliana tupime tapeti zake mbele ya macho yenu. Nahitaji watu wawili wenye nguvu wa kuzungusha krenki, na mmoja mwenye macho mazuri anishikie geji, maana yangu yamechoka.